Mzazi, Wajua Mwanao Anafundishwa Historia Gani?

Ndugu msomaji, leo jioni mtoto wako wa sekondari akirudi nyumbani, mwulize, "Leo mmefundishwa nini?" Yamkini atajibu, "Historia." Nawe utasema, "Vema," kisha utamtuma kuni au maji, na mazungumzo yataishia hapo.

Sikulaumu. Nami nimefanya hivyo mara nyingi. Mzazi wa kijijini ajua magunia mangapi ya mahindi yamebaki ghalani, ajua mbuzi yupi ana mimba, ajua deni lake la mbolea hata shilingi ya mwisho. Lakini ukimwuliza mwanawe anajifunza nini muhula huu katika Historia, atakutazama tu. Atasema, "Hayo ni ya mwalimu."

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Historia si kama hesabu. Mbili na mbili ni nne kwa Mngoni na kwa Mmatumbi, kwa tajiri na kwa maskini. Bali historia ni habari za watu, na watu hao ni babu zetu na bibi zetu. Mwalimu afunguapo kitabu cha Historia, amefungua mlango wa nyumba yako. Je, si haki ujue amemwonyesha mwanao nini humo ndani?

KIKARATASI CHA SHILINGI ELFU TANO

Nitawasimulia jambo lililompata jirani yangu. Jina lake sitalitaja, wala shule sitaitaja, maana sitaki kumwaibisha mtu. Sisi tuko upande wa Songea. Jirani yangu huyo ana binti katika sekondari ya kata. Siku moja, katikati ya mwezi wa pili, binti alileta nyumbani kikaratasi kilichoandikwa hivi: "Mzazi, unaombwa kutoa Sh. 5,000 kwa ajili ya safari ya somo la Historia." Basi. Hapakuwa na neno lingine.

Jirani yangu alikasirika. Wiki ile ile alikuwa ametoa mchango wa chakula cha shule. Alisema, "Tangu mwaka 2016 twaambiwa ada imefutwa katika shule za serikali, lakini kila mwezi kuna karatasi. Tena sasa ni safari! Kwani historia inasafiri?" Binti alijaribu kueleza, akashindwa, kwa kuwa naye aliambiwa tu kwamba watakwenda mjini. Baba akakikunja kile kikaratasi, akawashia moto wa jikoni. Fedha hakutoa.

Siku ikafika, tarehe 27 Februari. Wenzake walipanda gari wakaenda, naye alikwenda shambani na mama yake. Jioni babu yake, ambaye ni baba wa jirani yangu, alimwuliza, "Mjukuu wangu, mbona leo hukwenda shule?"

Binti akajibu, "Babu, wenzangu wamekwenda Songea kuona kaburi la wale walionyongwa na Wajerumani."

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Babu yangu mimi ndiye aliyenisimulia habari za siku ile. Alikuwa kijana, alikuwapo."

"Mbona hujanisimulia, babu?"

"Hukuniuliza. Nami nilidhani huko shuleni mwafundishwa habari za Wazungu."

Jirani yangu aliyasikia maneno hayo akiwa mlangoni. Usiku ule alikuja kwangu, akakaa kimya, halafu akasema, "Ningalijua ni kaburi lile, ningaliuza kuku."

Nani alikosa hapo? Mwalimu alikosa, maana aliomba fedha bila kueleza sababu. Baba alikosa, maana alihukumu bila kuuliza. Babu naye alikuwa na hazina, asijue kwamba yatafutwa. Na aliyelipa kosa la wote watatu ni mtoto.

KWA NINI TULIKAA NJE YA DARASA

Yafaa tuseme ukweli: wazazi wengi hawakukaa nje kwa uvivu. Kwa miaka mingi karibu masomo yote ya sekondari yalifundishwa kwa Kiingereza, na Historia ilikuwa mojawapo. Mzazi aliyeishia darasa la saba alifunua daftari la mwanawe, akaona maneno asiyoyajua, akalifunga. Mtoto naye akajifunza kwamba baba na mama hawana la kusema juu ya mambo ya shule. Hiyo ni hasara kubwa. Mtoto akisha kufikiri kwamba wazazi wake hawajui kitu, atawaheshimuje atakapopewa onyo?

Sasa mambo yamebadilika, na wazazi wengi hawajapata habari. Mwezi wa Desemba mwaka 2020, Rais wa wakati ule, hayati John Magufuli, aliagiza kwamba historia ya nchi yetu ifundishwe mashuleni. Baadaye ukatungwa mtaala mpya, ambao ulianza kutumika hatua kwa hatua mwaka 2024. Katika mtaala huo limo somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hili ni la lazima, tena hufundishwa kwa Kiswahili.

Wazazi, sikieni neno hilo tena: kwa Kiswahili. Daftari ambalo jana lilikuwa kama sanduku lililofungwa kwa kufuli, leo liko wazi. Mama aliyesoma darasa la nne aweza kulisoma. Na mzee asiyejua kusoma kabisa aweza kumwambia mjukuu wake, "Nisomee nisikie." Kitabu chenyewe hutungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo huviweka vitabu vyake katika maktaba yake ya mtandao. Kijana mwenye simu aweza kuwatafutia wazee wake. Hatuna tena kisingizio cha lugha.

TUCHUKUE MFANO MMOJA

Labda mtu atauliza, "Kuna nini katika historia hata mzazi ajisumbue?" Basi tuchukue Vita vya Majimaji, tuone.

Vita hivyo vilianza mwezi wa Julai mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi. Wajerumani walikuwa wamewalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kwa ujira mdogo mno, huku kodi ikidaiwa na viboko vikipigwa. Watu wa Nandete waling'oa pamba, na hiyo ikawa alama ya vita. Kabla ya hapo, huko Ngarambe, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alikuwa amewagawia watu maji ya dawa, akawaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga mapema, tarehe 4 Agosti 1905, lakini habari za maji zilikuwa zimekwisha kutawanyika. Makabila yaliyokuwa mbalimbali, mengine yenye uadui wa zamani, yalishika neno moja.

Hapa Ungoni vita viliingia mwaka ule ule. Mwezi wa Februari mwaka 1906, tarehe 27, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea kwa siku moja. Ndiyo maana ukumbusho hufanywa tarehe hiyo kila mwaka penye Makumbusho ya Majimaji. Baada ya hapo majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na ghala, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki hazikuimaliza. Serikali ya Kijerumani ilisema waliokufa ni watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kwamba walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa.

Haya si mambo yaliyozikwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa. Alikutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, ambao kwa miaka mingi wamelitafuta fuvu la babu yao, wakiamini kwamba lilipelekwa Ujerumani. Ikiwa rais wa nchi kubwa alifunga safari kuja kuzungumza juu ya jambo hili, je, baba na mwanawe wasizungumze juu yake jikoni?

MAMBO YANAYOUMIZA

Sasa angalieni jinsi somo hili liwezavyo kuleta mgongano kati ya shule na nyumba, kama hakuna mazungumzo.

La kwanza ni yale maji. Mtoto aweza kurudi nyumbani akicheka, "Babu zetu walikuwa wajinga, waliamini maji yazuia risasi." Mzee akisikia hivyo ataumia moyoni. Atasema shule inafundisha dharau. Kumbe mwalimu mwema hakufundisha hivyo. Alieleza kwamba maji yale yaliwaunganisha watu waliokuwa wametengana, yakawapa ushujaa wa kusimama mbele ya bunduki za mzinga. Mtoto alishika nusu ya somo, akaiacha nusu. Mzazi asiyejua kilichofundishwa atamlaumu mwalimu bure. Mzazi ajuaye atamwambia mwanawe, "Nenda ukasome ukurasa wa pili."

La pili latuhusu sisi Wakatoliki hasa. Katika vita hivyo Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini ambaye mwaka 1898 alikuwa ameanzisha misioni ya Peramiho, aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 alipokuwa njiani kwenda Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misioni ya Peramiho nayo ilichomwa moto. Mtoto atauliza, "Baba, waliomwua askofu walikuwa mashujaa au wabaya? Na wamisionari walikuwa upande gani?" Hilo ni swali la haki. Usimkemee anyamaze. Mwambie kwamba wapiganaji waliona Wazungu wote kuwa kitu kimoja na serikali iliyowapiga viboko, na kwamba watu wasio na silaha waliuawa pande zote mbili. Mwambie pia kwamba baadhi ya wale waliohukumiwa kunyongwa Songea walibatizwa na padre kabla ya kufa. Mambo hayo yote ni kweli, nayo yakaa pamoja. Mtu mzima aweza kuyashika yote, na mtoto aweza kufundishwa.

La tatu ni chungu zaidi. Wajerumani hawakupigana peke yao. Askari wao wengi walikuwa Waafrika, na wako wenyeji waliowasaidia. Katika kijiji kimoja huenda nyumba hii ni ya wazao wa aliyenyongwa, na ile ni ya wazao wa aliyeshika kamba. Darasani watoto wao hukaa dawati moja. Mwalimu mgeni aliyetoka mkoa mwingine hawezi kulijua jambo hilo asipoambiwa na wazazi. Na wazazi hawawezi kumwambia ikiwa hawajui kwamba wiki ijayo atafundisha habari hizo.

Mnaona basi? Kumpasha mzazi habari za somo la Historia si heshima ya bure. Ni kuzuia moto kabla haujashika nyasi.

WASOMI WALIKUJA KWA WAZEE

Wako watu wadhanio kwamba historia hutoka Ulaya ndani ya vitabu, nasi kazi yetu ni kuipokea. Sivyo. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya kazi kubwa ya kukusanya habari za Majimaji. Wanafunzi wa idara ya historia walitumwa vijijini, kila mmoja kwa wazee waliokumbuka au waliosimuliwa. Walikaa chini ya miembe na kwenye vibaraza, wakauliza, wakaandika. Katika kazi hiyo walikuwamo wataalamu John Iliffe na Gilbert Gwassa. Mengi tuyajuayo leo juu ya vita vile yametoka katika vinywa vya wazee wasiokwenda shule.

Basi, mzee wangu, yale wanayoyasoma wajukuu zako katika kitabu yalitoka kwa watu kama wewe. Usiseme, "Mimi sina elimu." Wewe ndiwe uliyeombwa elimu.

Walakini tuseme na upande wa pili. Simulizi la mzee nalo laweza kukosea. Mtu husahau, au huongeza sifa za ukoo wake, au huficha aibu. Hao wasomi hawakuamini kila walilosikia; walilinganisha neno la mzee huyu na la yule, na barua za Wajerumani, na madaftari ya misioni. Hiyo ndiyo kazi ya historia, na hiyo ndiyo akili tunayotaka watoto wetu waipate: kusikiliza wote, kupima, kisha kusema kwa haki. Mtoto akijifunza kupima habari za mwaka 1905, hatadanganywa upesi na uvumi wa leo unaokimbia katika simu.

YAMPASAYO MWALIMU

Walimu wetu wana kazi nyingi na watoto wengi darasani, twajua. Hatuwataki wamwandikie kila mzazi barua kila siku. Twaomba mambo machache tu.

Mwanzoni mwa muhula, mwalimu wa Historia aandike barua moja ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, watoto wainakili katika madaftari yao na kuipeleka nyumbani. Barua yaweza kuwa hivi:

"Wazazi wapendwa, salaam. Muhula huu katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili watoto wenu watajifunza juu ya ukoloni wa Wajerumani na jinsi watu wetu walivyoupinga. Mwezi wa pili tutasoma Vita vya Majimaji. Watoto watapewa kazi ya kuwauliza wazee wa nyumbani, tafadhali wasaidieni. Tarehe 27 Februari twataka kwenda Songea kuona makumbusho na kaburi la mashujaa. Nauli ni Sh. 5,000, asiyeweza aje tuzungumze, tutafute njia. Jaribio litakuwa mwishoni mwa mwezi wa tatu. Kama kuna jambo katika ukoo wenu linalogusa habari hizi, nami nafaa kulijua, karibuni shuleni siku ya Ijumaa jioni. Mimi mwalimu wenu."

Barua hiyo haichukui hata nusu saa kuiandika. Lakini angalieni ilivyo tofauti na kile kikaratasi cha jirani yangu!

Tena, mkutano wa wazazi usiwe wa michango na utoro tu. Mkuu wa shule na bodi ya shule wampe mwalimu wa Historia robo saa asimame, aeleze anafundisha nini na kwa nini. Na mahali ambapo wazazi hawafiki shuleni kwa sababu ya umbali, tangazo laweza kupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, au likasomwa baada ya Misa pamoja na matangazo mengine, au likatumwa kwa ujumbe wa simu. Njia zipo, mradi nia iwepo.

Na la mwisho kwa mwalimu: usimwite mzazi siku ya kosa tu. Mzazi aitwaye kwa ajili ya makosa peke yake, akiona barua ya shule moyo humdunda. Mwite pia siku mwanawe alipoandika vizuri.

YAMPASAYO MZAZI

Sisi nasi tusikae tukingoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, ulitukumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Mwalimu ni msaidizi wetu. Mwenye shamba hamwachii kibarua kazi yote, kisha akaenda kulala.

Kwanza, fungua daftari. Mara moja kwa juma yatosha, mathalani Jumapili baada ya chakula. Kama hujui kusoma, mtoto akusomee kwa sauti. Utapata faida mbili: wewe utajua, naye atakumbuka. Kuna njia gani nzuri ya kujifunza kupita kumweleza mwingine?

Pili, uliza maswali mepesi. "Habari hii ilitokea wapi? Mwaka gani? Nani aliisimulia? Je, yuko aliyesimulia kwa namna nyingine? Wewe waonaje?" Maswali matano hayo yatosha kwa mlango wowote wa historia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hilo ni kwa baba kama ilivyo kwa mtoto.

Tatu, simulia ulichosikia, lakini sema umesikia kwa nani. "Hili nililiona kwa macho yangu" ni neno moja. "Hili nilisimuliwa na shangazi" ni neno lingine. "Hili watu husema" ni la tatu. Usiyachanganye. Na kama hujui, sema, "Sijui, twende tukamwulize fulani." Mtoto hatakudharau kwa hilo. Atakudharau akigundua ulidanganya.

Nne, usimtukane mwalimu mbele ya mtoto. Ukiona daftarini jambo usilolikubali, nenda shuleni kwa utaratibu, mwulize. Huenda mtoto alinakili vibaya. Huenda mwalimu alikosea, naye atashukuru. Huenda wewe ndiwe uliyesikia vibaya tangu utoto. Vyovyote itakavyokuwa, wazee wawili wakizungumza kwa heshima, mtoto amepata somo ambalo halimo kitabuni.

Tano, usimchanganye mtoto katika mtihani. Mtihani wa Baraza la Mitihani utauliza yaliyofundishwa kwa mujibu wa mtaala. Mtoto ajibu hivyo. Masimulizi ya nyumbani hayaondoi kitabu, bali hukipa nyama na damu. Mzazi hana kazi ya kumwamuru mwalimu afundishe nini, wala mwalimu hana ruhusa ya kudharau yasemwayo nyumbani.

KURASA NNE

Sasa nimalizie habari za jirani yangu. Siku ya tatu baada ya ile safari alikwenda shuleni. Nilidhani atagomba, lakini alikwenda na babu wa binti moyoni, kama alivyosema mwenyewe. Alimwambia mwalimu, "Nimekuja kuomba radhi, tena nimekuja kulalamika." Mwalimu, kijana mmoja mgeni wa mkoa huu, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, nami nilikosa. Nina watoto zaidi ya 200. Niliandika upesi, nikadhani kila mtu hapa ajua maana ya tarehe ile. Lakini huyo mzee, je, aweza kuja darasani?"

Mzee hakuweza. Miguu ilikuwa imevimba, na shule iko mbali. Basi wakapatana kwamba binti akae naye jioni, aandike.

Alikaa naye jioni nne. Mara nyingine mzee alisinzia katikati ya maneno, binti alingoja. Aliandika kurasa nne. Humo mlikuwa na mambo yaliyomo kitabuni, na mengine ambayo hayamo: jinsi watu walivyokula mizizi ya porini baada ya mashamba kuchomwa, na jinsi bibi mmoja wa ukoo alivyofukia chungu cha mbegu za mtama chini ya jiko, akawasha moto juu yake kila siku, askari wasijue. Mzee alisema, "Mtama ule ndio uliotuzaa sisi." Mwalimu alizisoma kurasa zile mbele ya darasa zima. Watoto wengine sita wakaomba kwenda kuwauliza babu zao.

Mwezi wa nane mwaka ule mzee akafa. Mungu ampumzishe kwa amani. Siku ya matanga, wazee wa ukoo walipokuwa wakikumbuka maneno yake, walibishana juu ya jina la yule bibi wa mtama. Hakuna aliyekuwa na hakika. Binti akaingia ndani, akatoka na daftari, akasoma. Wote wakanyamaza wakamsikiliza.

Jirani yangu aliniambia baadaye, "Nilikaribia kuipoteza ile habari kwa kuku mmoja."

Wazazi wenzangu, wazee wanaondoka mmoja mmoja, nao hawaondoki na miili yao tu. Muhula utakapoanza, msingoje kikaratasi. Mwulizeni mwalimu wa Historia anafundisha nini. Nanyi walimu, msiogope kutuambia. Na leo jioni mtoto atakapojibu, "Historia," usiseme, "Vema," ukamwacha. Mwambie, "Lete daftari tuone."